Vigogo wanapimwa moyo, sisi tunauziwa chupa!

Msomaji, leo ukishuka kwenye daladala, iwe Manzese, Buguruni au Mbagala, hebu simama kidogo usome nguzo za umeme. Huna haja ya kununua gazeti, nguzo zenyewe zimekuwa gazeti! Pale utaambiwa kuna mtaalamu aliyetoka mbali, anarudisha mpenzi aliyekimbia, anakamata mwizi, anapandisha watu vyeo kazini, na kwenye kibao hicho hicho anatibu presha, moyo kupanuka, kiharusi na upungufu wa nguvu za kiume. Namba ya simu ipo. Bei haipo.

Utacheka. Lakini usicheke sana, kwa sababu anayeipiga ile namba si mtu wa kuja aliyeshuka jana kwenye basi. Ni baba yako. Ni shangazi yako aliyekulipia ada. Na ni wewe mwenyewe, usiku, umejificha nyuma ya nyumba na simu yako, kwa ajili ya ile shida ya mwisho kwenye orodha.

Na kama unadhani presha ni ugonjwa wa mabwanyenye wenye vitambi, pole sana. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliohesabu watu waliopata kiharusi hapa Dar es Salaam na kule wilaya ya Hai. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai walipatikana watu 109 kwa kila watu laki moja kwa mwaka. Dar? 316! Karibu mara tatu. Upimaji wa taifa wa mwaka 2012 nao ulionyesha kwamba katika kila watu wanne wenye umri wa kati ya miaka 25 na 64, mmoja alikuwa na presha ya kupanda. Sasa geuka hapo kijiweni ulipokaa uhesabu vichwa.

Mimi sikuja hapa kuwatukana waganga. Wapo wasomi wetu ambao wakisikia neno mizizi tu wanakunja pua, kana kwamba vidonge vinaota ndani ya makopo. Huo nao ni ushamba, tena ushamba wa kuvaa tai. Dawa ya moyo iliyotumika Ulaya kwa zaidi ya miaka mia mbili ilitoka kwenye ua la porini liitwalo foxglove. Daktari Mwingereza, William Withering, alisikia habari za dawa ya mitishamba ya bibi mmoja wa mashambani iliyokuwa ikitoa maji kwa watu waliovimba miguu, akaichunguza miaka kumi, akaandika kitabu mwaka 1785. Aspirini nayo, hii ambayo wagonjwa wengi wa moyo wanapewa kidonge kimoja kwa siku, asili yake ni gome la mti.

Tuje karibu zaidi. Ndugu zangu wa Kilimanjaro mnaujua msesewe, mti ambao gome lake hutiwa kwenye mbege ili ipate ule uchungu wake. Mti huo ni ndugu wa damu wa mmea wa India ambao waganga wa huko waliutumia karne nyingi kutuliza wenda wazimu. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Vakil, aliwaeleza madaktari wa Uingereza kupitia jarida lao jinsi mizizi ya mmea huo inavyoshusha presha. Mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi wakakamua kiini chake, wakakiita reserpini, na dunia nzima ikaimeza kama dawa ya presha. (Wewe unayetaka kukimbilia kilabuni sasa hivi, rudi ukae! Mbege ni pombe, na pombe inapandisha presha.)

Sasa angalia kitu ambacho wauza chupa hawakuambii. Vakil hakusema tu kwamba wagonjwa wake wamepona. Aliwapima kabla, akawapima wakati wa dawa, akaandika namba. Withering aliandika mpaka wagonjwa ambao dawa haikuwasaidia na waliotapika, kwa sababu aligundua kwamba ua lile likizidi kidogo tu linaua. Reserpini nayo ilikuja kuonekana kwamba inaweza kumtia mtu huzuni nzito, hasa dozi ikiwa kubwa, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya madaktari wengi waiache zilipokuja dawa nyingine. Mti ulikuwa ule ule tangu enzi za mababu. Kilichoufanya uaminike ni kupimwa, na kilichoonyesha ubaya wake ni kupimwa huko huko.

Je, sisi tulipima? Turudi mwaka 2011, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu mwenyewe, alikaa pale Samunge akigawa kikombe cha mti wa mugariga kwa shilingi 500. Kikombe kimoja tu, basi. Kisukari, kansa, pumu, presha, Ukimwi, vyote hivyo. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita, na wapo waliokata roho wakiwa foleni. Wapo walioacha vidonge vyao nyumbani eti imani isichanganywe. Babu alifariki Julai 2021 na mimi sina ugomvi na marehemu. Shilingi 500 si bei ya tapeli.

Ugomvi wangu ni na wakubwa. Mawaziri walikwenda. Wabunge walikwenda. Wengine walishuka kwa helikopta wakati walalahoi wanalala kwenye vumbi, wakapigwa picha wameinua vikombe, picha zikatoka magazetini. Wataalamu wa serikali walituambia dawa haina sumu. Sawa, tumesikia. Chai ya rangi nayo haina sumu! Mwananchi aliyepanda basi kutoka Dar mpaka Arusha na kuendelea hakuuliza kama itamuua. Aliuliza kama itamponya. Kati ya vigogo wote walioinua vikombe, ni yupi aliyeacha kwenda kupimwa moyo kwa mashine baada ya kunywa? Ni yupi aliyekataa safari ya kutibiwa India kwa fedha ya umma akasema mimi kikombe kimenitosha? Kigogo alikunywa kwa ajili ya picha, akapima kwa ajili ya uhai wake. Wewe uliona ile picha tu.

Tena tusimlaumu mtu anayekimbilia chupa bila kuangalia anakimbia nini. Tangu mwaka 1993 tuliambiwa tuchangie gharama za matibabu. Kuchangia malaria ni jambo moja: unaumwa, unalipa, unapona. Presha haiponi namna hiyo. Ni kidonge leo, kesho, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka uzeeni. Mtu anayepata riziki ya siku kwa siku anaambiwa anunue dawa ya maradhi ambayo wala hayasikii mwilini! Zahanati anaambiwa dawa zimekwisha, kanunue duka la nje. Halafu anatokea mtu mwenye kauli tamu anamwambia, mzee wangu, lipa mara moja tu, siku 21 umemaliza. Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Vizuri. Karatasi tunayo. Vidonge vya presha kwenye kabati la zahanati ya kata ndiyo kipimo cha sheria hiyo, na kila mmoja wetu anaweza kwenda kulichungulia kabati la kata yake.

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja, fundi cherehani. Alikuwa akimeza vidonge vyake kama miaka miwili hivi, akilalamika kwamba vinampeleka chooni kila saa. Akaletewa chupa. Masharti yalikuwa mepesi: acha vya hospitali, vitagombana na hii. Akaacha. Wiki ya kwanza akasema amekuwa kijana, na kweli hakuwa akikimbilia chooni tena. Wiki ya pili akawa mpiga debe wa yule muuzaji. Wiki ya nne aliangukia cherehani, mdomo umekwenda upande. Leo mkono uliokuwa ukikata suti za maharusi hauwezi kufunga kifungo cha shati lake mwenyewe, na kijana wake wa kidato cha pili ndiye anayekanyaga cherehani.

Sisemi chupa ndiyo iliyompooza. Pengine ndani yalikuwemo maji na tangawizi tu. Kilichompooza ni presha iliyoachwa bila mlinzi. Hapo ndipo ujanja wa ugonjwa huu ulipo, msomaji: hauna kelele. Mtu anaweza kuwa na 190 kwa 110 akapiga soga na kucheza bao. Na haukai mahali pamoja, asubuhi uko juu, jioni umeshuka kidogo, ukiwa na hofu unapanda, ukilala unashuka. Kwa hiyo ukimpima mtu siku ya hasira ukamnywesha kitu chochote, hata uji, ukampima tena siku ametulia, utaona namba imeshuka, naye atatoa ushuhuda mpaka redioni. Kujisikia vizuri si kipimo. Tena zipo dawa za moyo ambazo ukizikatisha ghafla moyo unakurupuka, hali inakuwa mbaya kuliko kabla hujaanza. Anayemwambia mgonjwa aache bila kujua anameza nini anacheza na roho ya mtu.

Basi je, hakuna cha asili kinachofaa? Kipo, na kingine ni cha bei ya sokoni. Chukua choya, haya maua mekundu ya juisi. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 65 ambao presha zao zilikuwa zimepanda kidogo. Nusu walikunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku kwa wiki sita, nusu wakanywa maji yaliyofanana nayo. Waliokunywa choya namba ya juu ilishuka kwa 7, wenzao kwa 1. Si muujiza, mwenye 190 bado anahitaji vidonge. Lakini ni kitu. Ila choya ya stendi ni sukari iliyopakwa rangi! Chemsha mwenyewe, bila sukari. Kitunguu saumu nacho kinasaidia kidogo, lakini kinapunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo anayemeza dawa za kuyeyusha damu asikifakamie bila kumwambia daktari wake. Mwaka 1997 Wamarekani walionyesha kwamba chakula chenye mboga, matunda na maziwa yasiyo na mafuta mengi kilishusha presha za wagonjwa kwa namba 11, karibu sawa na kidonge. Mchicha, maharage, ndizi, papai. Nani atakubandikia tangazo la mchicha kwenye nguzo? Faida yake ndogo! Na hiyo chumvi unayomwagia chipsi mayai kabla hata hujaonja, utaniambia.

Sasa tuzungumze wanaume watupu, ile shida ya mwisho kwenye kibao. Kijana wa miaka 28 anaona mambo hayaendi, anaona aibu, anakwenda kununua unga wa mizizi. Madaktari wa moyo wanasema mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba, huko ndiko mtu anakoweza kuona dalili mapema, hata miaka kabla ya kifua kuanza kubana. Si kila mara, nyingine ni mawazo ya kodi ya nyumba na bia nyingi. Lakini presha, sukari na sigara ndizo za kwanza kushukiwa. Mwenzangu, ile shida uliyoificha inaweza kuwa ni moyo wako unapiga hodi, na wewe umempa hodi hiyo muuza unga aisikilize.

Na huo unga wenyewe? Mamlaka ya dawa ya Marekani imekamata mara nyingi bidhaa za nguvu za kiume zilizoandikwa ni za asili tupu, kumbe ndani imesagwa sildenafili, dawa ile ile ya vidonge vya bluu, bila dozi kujulikana. Mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akibugia kitu hicho presha yake inaweza kuporomoka mpaka akafa. Hapo atasikika akiambiwa amerogwa na mke mdogo.

Hayo si mambo ya kuachia bahati. Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili, ilianza kama kitengo mwaka 1974. Tangu mwaka 2002 ipo sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na Baraza lake la kusajili waganga na dawa zao. Yaani vyombo tunavyo! Tunachodai ni kwamba mizizi yetu ipimwe kama ya India ilivyopimwa, matokeo yatangazwe kwa Kiswahili hata yakiwa mabaya, na asiyesajiliwa aondolewe kwenye nguzo. Magazeti nayo yanayopokea matangazo ya waganga yadai cheti kwanza, na hili tunaloandikia lisijifanye halijasikia.

Wakati tunasubiri, baba akiletewa chupa usimnyang'anye, utamkosea adabu na atakunywa kwa siri. Mwambie, baba, tukapime kwanza, tuandike namba, na vidonge usiache. Baada ya wiki mbili tupime tena. Mashine za kupimia zipo hata kwenye maduka ya dawa mtaani. Halafu nenda wewe mwenyewe kwa aliyemuuzia, umwombe kwa heshima zote akuonyeshe cheti cha Baraza. Mimi niliwahi kumuuliza mmoja pale stendi. Akaniambia cheti kipo nyumbani, kwanza ninunue chupa mbili, ya tatu bure.