Mtoto mgeni naye apewe bisibisi

Shule ikifungua kikundi cha kutengeneza roboti, siku ya kwanza chumba kinajaa. Baada ya wiki chache wanabaki walewale wanne ao watano, wakubwa wa sekondari. Walimu husema wageni hawana moyo. Mimi naona hawakupewa kazi. Bisibisi iko mkononi mwa mkubwa, mota iko mbele ya mkubwa, na mtoto aliyefika juzi na wazazi wake kutoka Luvungi ao Kamanyola anasimama nyuma akitazama migongo ya wenzake. Saa mbili za kutazama mgongo, nani atarudi?

Kuna hoja nyingine: huyu ni mhami, kesho jamaa yake itahama tena, tutapoteza vifaa bure. Hapana. Ndiyo sababu afundishwe upesi. Alichojifunza kwa mikono atahama nacho, hata akilazimika kuacha begi la shule.

Vifaa ni vichache, kweli, na umeme unakatika. Lakini watoto wetu wanatengeneza magari ya waya na makopo tangu zamani bila mwalimu. Redio ya kaseti iliyokufa ina mota ndogo, spika na nyaya. Mgeni aanze hapo: aifungue, aunganishe betri, aone mota inazunguka siku ileile. Mkubwa akae kando yake, mikono nyuma. (Hilo ndilo gumu.)

Tena tusiwavute watoto kwa ahadi ya safari. Julai 2017, vijana sita wa Burundi, majirani zetu, walitoweka Washington baada ya mashindano ya roboti. Wawili walionekana wakivuka kuingia Kanada. Siwalaumu. Lakini kikundi kikiishi kwa kungojea ndege, wanapanda wachache, wengine wanaacha.

Kazi iko hapahapa. Kinshasa, mwaka wa 2013, roboti za mhandisi Thérèse Izay zilianza kuongoza magari njiani kwa nguvu ya jua. Sisi tuna mto Mulongwe, uliofurika Aprili 2020 ukaua watu na kubomoa nyumba. Boya la plastiki, nyaya mbili, betri na kengele: maji yakipanda, boya linakutanisha nyaya, kengele inalia. Si roboti kamili, najua. Ila mgeni anaweza kuimaliza kwa Jumamosi mbili na kumweleza mama yake inavyofanya kazi.

Ninaomba wakuu wa shule: muhula huu, zamu ya bisibisi ianze na majina yaliyoandikwa mwisho.