Tozo Kwanza, Lawama Baadaye

Kila bajeti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inapojadiliwa, orodha ya wadaiwa husomwa kama matokeo ya mtihani: huyu kalipa, yule bado, Juba ni miongoni mwa walio mkiani. Kisha hujitokeza mtu akataka Kifungu cha 143 cha Mkataba kitumike, wasiolipa waadhibiwe. Mjadala huu umenichosha. Serikali inayochelewesha mishahara ya watumishi wake haitapata dola kwa kufokewa Arusha, makao makuu ya Jumuiya.

Kasoro iko kwenye chanzo cha fedha. Mkataba wa 1999 ulitaka nchi zichangie sawasawa, Burundi itoe kiasi kilekile cha Kenya, na kila mchango usubiri hisani ya hazina ya taifa. Mwaka 1961 Tume ya Raisman, iliyochunguza uchumi wa Afrika Mashariki ya kikoloni, ilifikiri vingine: asilimia 6 ya ushuru wa forodha na wa bidhaa, pamoja na asilimia 40 ya kodi ya faida za kampuni za viwanda na fedha, ziingie mfuko wa pamoja, na nusu ya mfuko igharimie huduma za pamoja. Ulikuwa mpango wa wakoloni, naam. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Leo tuna nyenzo bora zaidi: sheria moja ya forodha tangu 2004, na Himaya Moja ya Forodha tangu 2014. Kontena la Kigali hukadiriwa ushuru kabla halijatoka bandarini Dar es Salaam. Hapo ndipo pa kukata sehemu ya Jumuiya. ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, hutoza asilimia 0.5 kwa bidhaa zitokazo nje ya kanda. Umoja wa Afrika uliamua asilimia 0.2 mjini Kigali mwaka 2016. Nchi nyingi hazijautekeleza uamuzi huo, na huko Afrika Magharibi wapo wanaokusanya wakachelewa kuwasilisha. Kwa hiyo mamlaka za mapato ziingize fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya Jumuiya, zisipitie hazina.

Wapinzani wanasema tutapoteza mamlaka ya nchi. Mamlaka ipi? Makao makuu yetu yalijengwa kwa fedha za Ujerumani. USAID, shirika la misaada la Marekani, lilipofungwa mwaka 2025, hakuna aliyetuomba ushauri.

Makala ya kwanza katika toleo hili inafuatilia tozo ya Umoja wa Afrika. Hitimisho lake ni la upole mno, lakini majedwali yanajitetea. Ya pili inapendekeza mseto wa michango sawa na michango kwa uwezo: nafuu, ila bado ni kubisha hodi hazina. Ya tatu inahusu Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwanasheria yeyote ataifurahia.

Bajeti za nchi zetu nyingi husomwa mwezi Juni. Kifungu kimoja katika Sheria ya Fedha ya kila nchi kinatosha, na Sekretarieti haihitaji mfadhili ili kuandika rasimu yake.