USONJI, SEHEMU YA 3: Mtoto hana kiburi, na mama hajamharibu

Leo nitawaudhi baadhi yenu, hasa mashangazi na majirani.

Mama anakuja kliniki, mtoto wa miaka miwili yuko mgongoni, kafunikwa blanketi maana baridi ya Mafinga mnaijua. "Nesi, nikimwita hageuki. Nikimpungia mkono haangalii. Ila lori la mbao likipita, magurudumu atayatazama mpaka lipotee." Bibi anadakia: amemdekeza huyo, kampa simu tangu mchanga. Mwingine anasema ni kiburi cha baba yake. Wa tatu keshamtaja mganga.

Jamani, acheni.

Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Sweden aliweka taa ndogo kwenye viungo vya mtu, akamrekodi gizani. Unaona nukta tu, lakini zikianza kutembea unajua papo hapo ni mtu. Watafiti Italia wakawaonyesha vichanga wa siku mbili nukta za kuku anayetembea, na wakazipenda kuliko nukta zinazokwenda ovyo. Hata vifaranga waliototolewa gizani huzifuata (na za paka pia, maskini!).

Sasa mwaka 2009 Ami Klin na wenzake kule Marekani walijaribu kwa watoto wa miaka miwili wenye usonji. Mwendo wa mtu haukuwavuta. Ila nukta zilipogongana na sauti ikatoka wakati uleule, kama makofi, hapo macho yakatulia.

Niambieni basi: mvuto ambao kichanga wa siku mbili anao, mama angeufundisha saa ngapi? Akiwa bado wodini? Kudekeza kunaingiaje hapo?

Na sisi manesi tusijitoe. Tunapima kilo, tunajaza kadi, tunasema "wavulana huchelewa, subiri". Nimeshasema hivyo mimi mwenyewe, na najuta, kwa sababu mama yule alisubiri kweli.

Mtoto wa mwaka mmoja hageuki akiitwa jina? Wa mwaka na nusu hakuonyeshi kitu kwa kidole? Mlete. Masikio yapimwe kwanza, kisha omba rufaa, usiondoke bila karatasi. Nyumbani kaa chini usawa wa macho yake, mpigie makofi huku ukiimba. Si dawa, lakini ni mlango.

Maswali niachieni hapo chini. Shangazi wa kiburi naye karibu.