Wenye pampu Kitengela, kagueni shafti kabla ya vuli

Wanaosimamia visima vya mitaa, shule na mashamba ya maua kuanzia Kitengela na Isinya hadi Kajiado mjini, msingoje mota iungue. Nendeni kwenye chumba cha pampu leo, mzime stima, mtazame chini ya kaplingi, pale shafti ya mota inapoungana na ya pampu. Mkikuta unga mweusi kama masizi, raba ya kaplingi inasagwa: shafti zimepishana.

Chanzo mara nyingi kiko chini ya sakafu. Udongo wetu mweusi hufura mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, na zege lililomwagwa bila msingi wa kina huinama nao. Bomba nalo huvuta pampu upande. Mashine iliyonyooshwa vizuri Januari yaweza kuwa imepinda masika yakiisha. Kwa mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika, mpishano wa milimita 0.1 tu, karibu unene wa unywele, tayari umezidi kiasi. Kila mzunguko raba hukunjwa. Kwa saa nane ni karibu mara 700,000. Beringi za gololi nazo, mzigo ukiongezeka maradufu, maisha yake hushuka hadi thumuni.

Beringi ikianza kulia, fundi huitwa, anatia beringi na raba mpya, mashine inanyamaza wiki kadhaa, kisha anaitwa tena. Shafti haijapimwa hata mara moja. Huko ni kutupa pesa, na ndiyo desturi ninayoomba ikomeshwe sasa.

Maana madhara hayaishii kwenye pampu moja. Vyumba vingi vina pampu mbili juu ya msingi mmoja, ya pili ikiwa ya akiba. Mtikisiko wa inayofanya kazi hupita kwenye chuma na zege hadi kwenye beringi za iliyolala. Gololi zake hazizunguki, kwa hiyo hugongagonga palepale, grisi inasukumwa pembeni, vishimo vinachimbika. Ndivyo beringi za magari mapya zilivyowahi kuharibika zikisafirishwa kwa treni Marekani, magurudumu yakiwa hayajazunguka barabarani. Siku pampu ya kwanza ikifa mnawasha ya akiba, nayo inanguruma tangu dakika ya kwanza. Mtaa mzima unabaki kungoja boza.

Kwa hiyo pampu zipeni zamu, angalau kila wiki. Fundi akija, aanze na miguu ya mota: alegeze boli moja moja huku geji ikisoma. Mguu ukiinuka zaidi ya milimita 0.05, haujakaa sawa, na dawa yake ni vibati vya chuma kisichoshika kutu, si vipande vya mkebe. Kisha alegeze boli za bomba. Pampu ikisogea, bomba ndilo linalovuta, na hilo lirekebishwe kwanza. Shafti zinyooshwe mwisho, kwa dayo geji au leza.

Pimeni pia mtikisiko kila wiki, mahali palepale, na muandike. Kwa mota zisizozidi kilowati 15, kiwango cha ISO 10816 kilihesabu zaidi ya milimita 4.5 kwa sekunde kuwa hatari. Namba inayopanda wiki hadi wiki isipuuzwe hata kama haijafika hapo.

Na tafadhali, mtu asiguse kaplingi kwa sababu tu pampu imenyamaza. Nyingi huwashwa na swichi ya boya maji ya tangi yakipungua, bila kumngoja mtu. Ng'oeni fyuzi, tieni kufuli kwenye swichi kuu. Kifuniko cha kaplingi kirudishwe kabla ya kuwasha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai sehemu zinazozunguka zifunikwe.

Kazi hii ifanyike kabla ya mvua za Oktoba, na irudiwe zikikatika. Fundi awaachie vipimo viwili vilivyoandikwa, cha alivyoikuta shafti na cha alivyoiacha. Asipokuwa navyo, msimlipe.