Kutoka Kununua Kampuni hadi Kuwachagua Wanunuzi
Na Hamisi Mwakio

Katika sekta ya mtaji binafsi, yaani fedha zinazowekezwa katika kampuni ambazo hisa zake haziuzwi kwenye soko la hisa, zipo kazi mbili ambazo walio nje ya sekta huzichanganya kwa urahisi. Mwekezaji wa moja kwa moja huitafuta kampuni, huipima thamani, huinunua yote au sehemu yake, hukaa kwenye bodi yake kwa miaka kadhaa na hatimaye huiuza. Mwekezaji wa mifuko, kwa upande wake, huzikabidhi fedha za taasisi yake, iwe mfuko wa pensheni au benki ya maendeleo, kwa wasimamizi ambao ndio watakaonunua. Anayeiacha kazi ya kwanza na kuingia ya pili hudhaniwa na wenzake kuwa amechoka na anakwenda kupumzika, dhana yenye chembe ya ukweli, kwa kuwa mikesha ya kukamilisha mikataba hupungua, ila inauficha ugumu wa kazi yenyewe.

Mfuko wa kawaida huundwa kwa muda wa miaka 10, ambao mara nyingi huongezwa. Mwekezaji hutoa ahadi ya mtaji, yaani kiasi ambacho msimamizi ana haki ya kukiita kidogo kidogo kadiri anavyopata kampuni za kununua, na kwa desturi humlipa ada ya karibu asilimia 2 kwa mwaka pamoja na asilimia 20 ya faida. Akishatia saini, hana tena kauli juu ya kampuni ipi inunuliwe, na akijiingiza mno katika uendeshaji anaweza hata kuipoteza kinga ya kisheria inayowekea kikomo dhima yake. Kwa mtu aliyezoea kumwondoa mkurugenzi aliyeshindwa kazi, ukimya huo ni mgumu. Anachopima sasa ni watu: faida wanazojivunia zilitokana na ukuaji wa biashara, mikopo au kupanda kwa bei tu, nani hasa aliyezileta, na je, bado yumo katika timu au ameshaondoka?

Hapo ndipo uzoefu wa awali unapolipa, kwa sababu aliyewahi kuandaa taarifa za robo mwaka anajua jinsi thamani ya kampuni ambayo bado haijauzwa inavyoweza kupambwa. Mfano ulio karibu na Afrika Mashariki ni Abraaj, kampuni ya Dubai iliyokuwa ikisimamia takriban dola bilioni 14, na ambayo mfuko wake wa afya wa dola bilioni 1 ulikuwa umewekeza katika hospitali, zikiwamo za Nairobi. Mwaka 2017 baadhi ya wawekezaji wa mfuko huo, ikiwamo taasisi ya hisani ya Gates, waliona kwamba fedha zilikuwa zimeitwa na hazionekani kwenye majengo wala vifaa, wakadai kuonyeshwa ziliko. Mwaka uliofuata Abraaj iliporomoka, na mwaka 2019 mamlaka ya huduma za fedha ya Dubai iliitoza faini ya takriban dola milioni 315 kwa kuwapotosha wawekezaji na kutumia vibaya fedha zao. Swali lililoanzisha yote hayo halikuhitaji hesabu ngumu. Lilihitaji mtu anayejua kwamba kati ya kuitwa kwa fedha na kulipwa kwa mkandarasi hakupaswi kupita miezi isiyo na maelezo.

Kuhama kutoka kazi ya kwanza kwenda ya pili kuna hasara yake pia, na historia ya CDC, iliyokuwa miongoni mwa wawekezaji wa mfuko huohuo, inaidhihirisha. Shirika hilo la Uingereza lilianzishwa mwaka 1948 na kuwekeza moja kwa moja, hata kampuni ya miwati ya Njombe, TANWAT, ni zao lake. Mwaka 2004 timu yake ya uwekezaji ilitengwa na kuwa kampuni ya Actis, na CDC ikabaki kugawa fedha kwa wasimamizi, mpaka serikali ilipoamua mwaka 2011 kuirejeshea uwezo wa kununua yenyewe, jambo lililolazimu uwezo huo ujengwe upya. Mtu binafsi naye hukabiliwa na hatari hiyohiyo: baada ya miaka michache ya kusoma ripoti za wengine, njia ya kurudi hufinyana, isipokuwa kwa wanaopata nafasi ya uwekezaji sambamba, ambapo taasisi hununua sehemu ya kampuni bega kwa bega na msimamizi wake.

Nchini Kenya, kanuni zimeiruhusu mifuko ya pensheni tangu mwaka 2015 kuweka hadi asilimia 10 ya mali zake katika mtaji binafsi, lakini kilichowekwa kimebaki kidogo mno, na hati fungani za serikali bado ndizo zinazochukua sehemu kubwa kuliko zote. Wadhamini wa mifuko hulaumiwa kwa woga, lawama isiyo ya haki sana, kwa kuwa asiye na mtu wa kumhoji msimamizi anafanya busara kukaa mbali. Watu wa kuhoji wapo, wengine wakiwa Nairobi hiyohiyo, ila wamezoea mgao wa faida ambao mfuko wa pensheni haulipi. Bodi ikisita kumlipa vizuri mtu mmoja wa namna hiyo, ilhali iko tayari kutoa asilimia 2 kila mwaka kwa msimamizi isiyemjua vizuri, imekosea mahali pa kubana matumizi.