Kabla ya faini, pigeni hodi kwanza

Hivi jamani, nani alitufundisha kumwandikia jirani barua kama vile ni wito wa polisi? Ingia ghorofa lolote pale Upanga au Kariakoo, simama mbele ya lifti, soma ubao wa matangazo. "ONYO LA MWISHO." Herufi kubwa, wino mwekundu, mhuri chini. Uliza onyo la kwanza lilitoka lini, hakuna anayejua.

Tangu mwaka 2008 Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, ile inayomwezesha mtu kumiliki fleti yake ndani ya jengo la wengi. Wamiliki wanakuwa na chama chao, na chama kinakuwa na kanuni zake. Sina ugomvi na hilo. Ngazi ni za wote, pampu ya maji ni ya wote, lazima pawe na utaratibu. Ugomvi wangu ni namna tunavyoanza.

Katika jengo moja ninalolifahamu (silitaji), mama mmoja aliacha ndoo ya taka koridoni siku mbili. Siku ya tatu akakuta namba ya fleti yake imebandikwa kwenye lifti, pembeni faini ya shilingi 50,000. Kumbe alikuwa amelazwa na mtoto hospitali. Faini alilipa. Ila tangu siku hiyo mkutanoni haonekani, na mchango wa pampu hautoi mpaka afuatwe mara nne. Pampu ilipokufa, jengo zima lilibeba madumu ngazi hadi ngazi, kamati nayo ikiwemo.

"Ukiwa mpole watakupanda kichwani." Hilo nimeambiwa na wenyeviti zaidi ya mmoja. Nadhani wanachanganya upole na ulegevu. Barua ya kwanza inaweza kuwa na tarehe, ikatunzwa nakala, ikataja kosa na siku ya kurekebisha, na bado ikaanza na salamu:

"Jirani wa 4B, habari za siku? Tumeona ndoo ya taka koridoni tangu Jumatatu. Pengine umepata dharura. Tunaomba iwe imeondolewa kufikia Alhamisi. Ukikwama, mgongee katibu, yuko 2A."

Basi. Hujamwita mtu mchafu, hujamwanika mbele ya wageni wake. Akipuuza, ya pili iwe kavu na itaje kifungu na faini. Hapo hawezi kusema ameonewa.

Na msidhani ni maradhi yetu peke yetu. Marekani, ambako vyama vya wenye nyumba vinafuatana mpaka kwenye urefu wa majani, jimbo la Florida lililazimika kuingilia kwa sheria mwaka 2024. Sasa chama hakiwezi kukutoza faini kwa pipa la taka uliloliweka kando ya barabara ndani ya saa 24 kabla au baada ya siku ya kuzoa. Mapambo ya sikukuu uliyochelewa kuyashusha nayo hayatozwi mpaka uandikiwe kwanza na wiki moja ipite. Yaani wabunge wazima wamekaa kujadili taa za Krismasi! Sisi hodi tunafundishwa utotoni, bure.

Kuna jingine ambalo kamati nyingi hazilifikirii: barua inamfikia nani? Mwenye fleti yuko Muscat au Toronto. Anayeishi humo ni mpangaji ambaye kanuni hajawahi kuonyeshwa hata ukurasa mmoja. Mwenye nyumba anapata notisi, anapiga simu amefura, mpangaji ndiyo kwanza anasikia kwamba kuna kosa. Wapelekeeni wote wawili, na ya mpangaji iambatane na nakala ya kanuni. Kwa Kiswahili, tafadhali. Nilizoziona mimi zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, halafu tunashangaa watu hawazifuati.

Jumapili jengo letu lina mkutano, nitaipeleka barua hiyo ya 4B wajumbe waichane wenyewe. Nanyi mnaokaa ghorofani, kwenu ya kwanza huwa inasemaje?