Sokoni Nako Kuwe na Mwamuzi wa Haki

Kila mwanariadha wetu anapostaafu na kufungua biashara, husifiwa kwa bidii yake. Sifa hizo anazistahili. Lakini sisi tunaouza na kununua hapa Marikiti twauliza: je, bidii peke yake yatosha?

Tumtazame Kipchoge Keino. Alitwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Mexico mwaka 1968, na ya kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka 1972, kisha akaingia mbio za kulipwa nchini Marekani. Mjini Eldoret alifungua duka la vifaa vya michezo, akalima, na pamoja na mkewe akalea mayatima. Moses Tanui, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 1991 na mshindi wa Boston mwaka 1996 na 1998, naye aliwekeza katika hoteli mjini humo humo.

Hawa hawakupewa ushindi na mkubwa yeyote. Mstari wa kuanzia ulikuwa mmoja, saa ilikuwa moja, na kila mtazamaji alimwona aliyetangulia. Mtume Paulo naye, alipomwandikia Timotheo, alitumia mfano wa mwanariadha kufunza kwamba taji ni la yule anayefuata kanuni.

Basi mwanariadha akiingia sokoni na akiba iliyotokana na jasho lake, hukuta kanuni zipi? Katika siku za chama kimoja, viwanja na leseni vilikuwa zawadi za utiifu. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, mji uo huo wa wakimbiaji, alikemea unyakuzi wa ardhi hadi alipofariki Agosti 1990. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, vyama vikawa vingi. Hata hivyo, mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria, kabla na baada ya mageuzi hayo. Wingi wa vyama bila uwazi haumlindi mwenye mali.

Wako wanaosema mabingwa wapunguziwe kodi na wapewe leseni haraka. Twakataa. Mcheza kwao hutunzwa, naam, lakini atunzwe kwa nishani na heshima. Mlango unaofunguliwa kwa mwenye jina ndio ule ule unaofungwa usoni mwa mama muuza bizari. Na jina likichakaa, bingwa naye atausukuma bure.

Katiba ya mwaka 2010 imeweka masoko na leseni za biashara mikononi mwa kaunti, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi tudai mambo matatu: ada zote halali zibandikwe langoni mwa soko, orodha ya vibanda na namna vilivyogawiwa iwe wazi kwa kila mtu, na kila shilingi inayotozwa itolewe risiti.

Makanisa yetu, pamoja na ndugu zetu wa misikitini, yawafundishe waumini haki hizi baada ya ibada, na kuwasindikiza wanaoogopa kuuliza peke yao. Uwanjani hatukubali mtu aanze mbele ya wenzake. Tusikubali sokoni.